Kubadilisha spika za milango ya mbele kwenye Toyota Altezza

Toyota ilianza kuuza Altezza mwaka 1998 na ikaiacha mwaka 2005. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililozidi miaka 8, kwa hiyo Altezza yoyote unayoiona Nairobi leo ilishuka melini kitambo. Spika zilizotoka nazo kiwandani zimepigwa na jua la maegesho, maji ya mvua yanayopita kwenye mpira wa kioo na, kwa magari yanayokaa Mombasa, Tanga, Dar es Salaam au Unguja, hewa ya chumvi. Koni ya karatasi, ile sehemu ya mbele inayotikisika, hulegea, ukingo wake hukatika, na kutu ikiingia kwenye mwanya wa sumaku, koili (waya uliozungushwa unaoisukuma koni) huanza kukwaruza.

Maelezo haya ni ya milango miwili ya mbele, kwa sababu ndiko sauti inakotoka zaidi. Iwe gari lako ni SXE10 lenye injini ya 3S-GE ya silinda 4, au GXE10 lenye 1G-FE ya silinda 6, hatua ni zile zile. Shika jambo moja tangu mwanzo: mlango ndio kasha la spika. Watu hununua spika ya bei kubwa, wakaifunga kwenye bati tupu lililojaa matundu, kisha wakashangaa kwamba besi ni ndogo kuliko ya spika kuukuu. Tenga siku nzima kwa milango miwili, na ujue kwamba sehemu kubwa ya siku hiyo ni ya bati, gundi na vipimo.

Hakikisha kwanza ni spika

Washa redio, weka sauti ya wastani, peleka balansi kushoto kabisa kisha kulia kabisa. Upande mmoja ukikatika na kurudi gari linapopita kwenye matuta, shuku waya kabla ya spika. Ukisikia mkwaruzo kwenye nyimbo zenye besi hata sauti ikiwa chini, hiyo ni koni au koili.

Ukishaifikia spika, chomoa soketi yake na uipime kwa multimita kwenye kipimo cha omu. Spika ya omu 4 iliyo nzima husoma kati ya 3 na 4. Isiposoma chochote, koili imekatika, au ule uzi mwembamba wa shaba unaotoka kwenye kituo (ncha ya chuma ya kuungia waya) kwenda kwenye koni umekatika. Kisha weka vidole vinne kuzunguka kitovu cha koni na uisukume ndani taratibu, sawasawa pande zote. Ikikwaruza, imekwisha. Usihangaike kuigundisha.

Kuna sababu nyingine ya kukagua waya kwa makini kwenye magari haya. Redio za soko la Japani zilitengenezwa kupokea FM ya 76 hadi 90 MHz, wakati stesheni zetu ziko kati ya 87.5 na 108. Ndiyo maana Altezza nyingi zilibadilishwa redio mara tu zilipofika, na mara nyingi fundi alikata soketi ya kiwandani akasokota waya na kuzifunga teipu. Toa redio uangalie nyuma yake. Ukikuta teipu iliyoyeyuka na kunata, safisha maungio hayo kabla hujatumia hata shilingi moja kwenye spika.

Kuchagua spika

Ukubwa ni inchi 6.5, yaani kati ya sentimita 16 na 17. Usichague kwa namba ya wati iliyochapishwa kwenye boksi. Redio ya kawaida inaandikwa 50W x 4, lakini kwa volti 14.4 na spika ya omu 4, wati za kweli zinazotoka bila sauti kupasuka ni kati ya 15 na 20 kwa kila njia. Spika inayodai wati 1,000 haitapata nguvu ya kuisukuma.

Kinachokufaa ni kipimo cha wepesi wa kuitika, kinachoandikwa kwa desibeli kwa wati 1 kwenye umbali wa mita 1. Tafuta 90 au zaidi. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuizidishia redio nguvu mara mbili: spika ya desibeli 92 kwa wati 15 itasikika sawa na ya desibeli 89 kwa wati 30. Kama hutaweka amplifaya, namba hii ina thamani kuliko nyingine zote kwenye boksi.

Chukua za omu 4. Za omu 2 hufaa pale tu redio au amplifaya imeandikwa wazi kwamba inazimudu. Vinginevyo redio itachemka na kujizima.

Angalia ukingo wa koni. Wa sponji huanza vizuri lakini joto na unyevunyevu wa pwani huufanya uwe unga baada ya miaka michache. Wa mpira hudumu. Koni ya plastiki au ya nyuzi zilizofumwa ni bora kwa mlango kuliko karatasi isiyopakwa kitu, maana maji yatafika tu.

Halafu kuna swali la spika yenye tuita (spika ndogo ya sauti kali) katikati, au seti yenye tuita ya pembeni na krosova yake, kifaa kinachogawa sauti kali na besi. Yenye tuita katikati ni rahisi kufunga na inatosha watu wengi. Seti hutoa sauti iliyo juu zaidi, karibu na usawa wa masikio, lakini lazima upate pahali pa tuita na pa krosova. Ukikuta tuita ya kiwandani kwenye ile pembetatu ya plastiki karibu na kioo cha pembeni, na wewe unafunga spika zenye tuita katikati, ichomoe. Ukiziacha zote mbili kwenye waya mmoja, sauti kali zitazidi na mzigo kwa redio utashuka hadi karibu na omu 2 kwenye masafa ya juu.

Ukinunua Gerezani, Dar es Salaam, au Kirinyaga Road, Nairobi, ishike spika mkononi. Bandia mara nyingi ni nyepesi, na kifuniko cha mpira nyuma huficha sumaku ndogo. Bonyeza kifuniko: kama kina uwazi ndani, iache.

Vifaa vya kuwa navyo

Bisibisi ya nyota namba 2 na bapa ndogo, spana namba 10, vibanio vya plastiki vya kung'olea paneli, multimita, betri ya volti 1.5, drili yenye biti ya milimita 5, plasi ya kubana vituo vya waya, mipira ya kusinyaa kwa joto, na spiriti ya kusafishia. Vya kutumika: shiti za butili (mpira laini unaonata) zenye karatasi ya alumini, utepe wa sponji wenye kujibana wa milimita 5, butili ya kamba kwa ajili ya nailoni ya mlango, rangi ya kuzuia kutu, na klipu za paneli za Toyota angalau 10. Klipu za miaka hii yote zimekauka na nyingine zitakatika hata ukiwa mpole. Ukirudisha paneli na klipu pungufu, itatetemeka na utadhani ni spika.

Kufungua mlango

1. Pandisha vioo juu kabisa, zima gari, toa ufunguo, kisha fungua waya hasi wa betri kwa spana namba 10. Redio ya kisasa itapoteza stesheni, kwa hiyo ziandike kabla.

2. Ng'oa pembetatu ya plastiki iliyo ndani ya kioo cha pembeni. Ingiza kibanio cha plastiki upande wa juu, vuta kuelekea kwako.

3. Nyuma ya mshikio wa kufungulia mlango kuna kifuniko kidogo. Kitoe kwa ncha ya bisibisi iliyofungwa teipu, fungua skrubu. Nyingine iko kwenye kishimo cha mshikio wa kuvutia mlango. Kisha nyanyua paneli ya swichi za vioo kwa kibanio na uchomoe soketi yake kwa kubonyeza ulimi, usivute waya.

4. Anza chini ya paneli, pembeni. Ingiza kibanio karibu kabisa na klipu, si katikati ya klipu mbili, kwa sababu hapo ubao wa paneli ndipo unapovunjika. Ukisikia mlio mmoja mkavu, nenda kwenye inayofuata. Zikishaachia zote pande tatu, paneli inainuliwa kwenda juu ili itoke kwenye mfereji wa kioo. Ukiivuta moja kwa moja kuelekea kwako utapasua ukingo wa juu.

5. Usiiachie ining'inie. Chomoa waya wa mshikio na soketi ya taa ya chini ya mlango kama ipo, ndipo uilaze juu ya kitambaa.

Utakutana na nailoni iliyobandikwa kwa gundi nyeusi. Ikate gundi kwa kisu kikali huku ukiikunja nailoni taratibu, na usiiguse gundi kwa nguo. Kama siku ni ya baridi, ipashe moto kidogo kwa mashine ya kukaushia nywele. Nailoni hii inazuia maji yasiingie kwenye zulia. Mahali ilipochanwa na fundi aliyetangulia ndipo utakapoona alama za maji kwenye paneli.

Kutoa spika ya zamani

Spika imekaa kwenye fremu ya plastiki iliyoshikwa kwa skrubu, na milango mingine utakuta ribiti. Ribiti itoboe katikati ya kichwa kwa biti ya milimita 5 hadi kichwa kizunguke na kutoka, kisha usukume kilichobaki kiangukie ndani ya mlango. Kiokote baadaye kwa sumaku. Kikibaki kitagonga kila unapofunga mlango. Matundu yapake rangi ya kuzuia kutu papo hapo na uyaache yakauke.

Spika ya zamani usiitupe bado. Kata kile kisoketi chake pamoja na kipande cha waya. Ukikiunga na waya za spika mpya utapata adapta yako mwenyewe, na hutakata hata waya mmoja wa gari. Na fremu yake ndiyo kielelezo cha kuchorea pete mpya, ile itakayokaa kati ya bati na spika.

Kipimo kinachoharibu kazi nyingi: kina

Rudisha betri kwa muda, chomeka swichi, shusha kioo hadi chini kabisa. Hapo pima kutoka kwenye bati linaloshika spika hadi kwenye kioo, na pia hadi kwenye reli na mkono wa mashine ya kioo. Chukua kipimo kilicho kidogo, toa milimita 5 za usalama. Kilichobaki ndicho kina unachoruhusiwa.

Spika nyingi za inchi 6.5 zina kina cha milimita 50 hadi 65 kutoka kwenye ukingo hadi mwisho wa sumaku. Tuseme umepima 52, ukatoa 5, umebaki na 47, na spika yako ni 58. Unahitaji pete ya unene wa milimita 11 au zaidi, basi tumia ya 12. Lakini pete nene mno nayo ina adhabu yake: spika itasogea hadi kugusa wavu wa paneli, na koni ikicheza utasikia mgongano kwenye besi tu. Weka paneli mahali pake bila klipu, ukiwa umebandika bonge la udongo laini au unga uliokandwa kwenye kilele cha tuita, kisha itoe uangalie unga umebonyea kiasi gani. Uwazi wa milimita 8 mbele ya koni unatosha.

Pete tengeneza kwa ubao mgumu wa plastiki wa kukatia nyama wenye unene wa milimita 12. Haunywi maji, unakatika kwa msumeno wa jigi, na unapatikana duka lolote la vyombo. MDF (ubao wa unga wa mbao uliobanwa) ni rahisi zaidi kukata lakini ndani ya mlango wa Altezza itavimba msimu wa kwanza wa masika, hata ukiipaka rangi, kwa sababu kila tundu la skrubu ni njia ya maji. Chora mzunguko wa nje na matundu kwa kufuata fremu ya zamani, na mzunguko wa ndani kwa kufuata kipimo kilichoandikwa kwenye boksi la spika mpya.

Kutayarisha bati

Koni inaposukuma hewa mbele, nyuma yake inavuta. Hewa hizo mbili zikikutana kupitia matundu ya bati zinafutana, na kinachofutika kwanza ni besi. Vilevile bati la nje la mlango ni jembamba. Spika mpya yenye nguvu italitetemesha kama debe.

Pitisha mkono ndani na usafishe bati la nje kwa kitambaa chenye spiriti mpaka kitambaa kitoke cheupe. Bandika shiti za butili, ukianzia eneo lililo nyuma ya spika, na uzikandamize kwa rola hadi alama za alumini zilainike. Huhitaji kufunika bati zima: robo hadi nusu ya eneo inatosha kuua mtetemo, na mlango usiwe mzito ukachosha bawaba. Gonga kwa kifundo cha kidole kabla na baada. Mlio wa debe ukigeuka kuwa mlio wa ubao, umefika. Usitumie lami ya kuezekea kwa kuwa ni rahisi. Kwenye jua la Dar inalainika, inateleza, na harufu yake haitoki garini.

Matundu madogo ya bati la ndani yafunike kwa shiti hizo hizo. Yale makubwa weka kwanza kipande cha plastiki ngumu, kisha shiti juu yake, na uache njia ya kufikia mashine ya kioo siku ikiharibika. Usiguse matundu ya chini kabisa ya mlango, yale ya kutolea maji. Ukiyaziba, mlango utashika maji na kuoza kwa ndani.

Juu ya tundu la spika, kwa upande wa ndani, bandika kipande cha plastiki kilichokunjwa kama kingo ya paa ili maji yanayoteremka kwenye kioo yaruke sumaku.

Waya na ncha zake

Waya wa kiwandani unatosha kabisa kwa nguvu ya redio. Waya mpya mnene ni wa mtu mwenye amplifaya tu.

Kwenye soketi za Toyota nyuma ya redio, gari lisilo na amplifaya ya kiwandani, rangi ni hizi: mbele kushoto, waridi ni chanya na zambarau ni hasi, mbele kulia, kijani mpauko ni chanya na buluu ni hasi. Ndani ya mlango rangi zinaweza kubadilika baada ya soketi, na kwenye gari lililopitia mikono mingi usiamini rangi yoyote. Chomoa redio kwanza, kwa sababu umeme wa betri ya kupimia haupaswi kuifikia. Unga spika, kisha gusa ncha mbili kule nyuma ya redio kwa betri ya volti 1.5, sekunde moja tu. Koni ikiruka kuja nje, ncha iliyo kwenye chanya ya betri ndiyo chanya. Ikiingia ndani, geuza. Fanya hivyo milango yote miwili.

Kwenye spika nyingi ulimi mpana ndio chanya na mwembamba ni hasi. Bana vituo kwa plasi yake na ufunike kwa mpira wa kusinyaa. Kulehemu kunafaa kwenye adapta iliyotulia, lakini usilehemu waya mahali unapopinda karibu na bawaba, maana risasi huufanya uwe mkavu na utakatika ukingoni mwa lehemu.

Kufunga na kurudisha

Bandika utepe wa sponji nyuma ya pete, kati ya pete na bati, na mwingine kati ya pete na spika. Funga pete kwa bolti za M5 zenye nati za kujikaza, spika kwenye pete kwa skrubu zake. Kaza kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja kwanza unaweza kupinda fremu na koili ikaanza kukwaruza spika ikiwa mpya. Mbele ya spika weka utepe mwingine unaogusa nyuma ya wavu wa paneli, ili sauti itoke chumbani badala ya kuzunguka ndani ya paneli.

Kabla ya paneli kurudi, washa umeme na ushushe kioo hadi chini, ukipandishe, mara kadhaa, huku sikio likiwa karibu na sumaku. Jaribu kufuli na mshikio wa nje. Piga muziki kwa sauti ndogo, pande zote mbili.

Rudisha nailoni kwa butili mpya. Ncha yake ya chini iingie ndani ya mlango, isikae nje ya bati, ili maji yarudi kwenye matundu yake. Kisha klipu mpya, waya wa mshikio, soketi, ukingo wa juu uingie kwenye mfereji, ndipo ugonge klipu kwa kiganja. Skrubu ziwe za mwisho.

Kwenye redio weka kichujio cha kukata chini ya hezi 80 kwa spika hizi, zima kitufe cha kukuza besi, na uanze na besi na treble zikiwa sifuri. Sauti ikianza kupasuka, redio imeishiwa nguvu. Ukiendelea hivyo, tuita ndizo zitakazoungua kwanza.

Ikikusumbua

Besi haipo na sauti ya mwimbaji haijulikani inatoka wapi: upande mmoja umegeuzwa chanya na hasi. Peleka balansi upande mmoja. Besi ikiongezeka ukiwa na spika moja kuliko mbili, jibu ni hilo.

Kuna mngurumo kwenye noti fulani tu: tafuta kwa mkono. Piga toni ya hezi 40 hadi 100 kutoka kwenye simu, bonyeza paneli, pembetatu, swichi na fito ya kufuli kimoja kimoja. Fito ikigonga bati, ivishe sponji.

Redio inajizima sauti ikipanda: pima omu kutoka soketi ya nyuma ya redio. Chini ya 3, waya mbili zinagusana mahali. Pima pia kila waya hadi bati: ikisoma chochote, waya unagusa bati. Tuita ya kiwandani iliyoachwa ikiwa imeunganishwa haitaonekana kwa multimita, kwa hiyo itafute kwa macho.

Zulia limelowa baada ya mvua ya kwanza: nailoni haikushika ukingo wa chini. Fungua paneli tena siku hiyo hiyo, kausha, uweke butili upya, kwa sababu maji hayo yanapita karibu kabisa na vituo vya spika ulizofunga.